Aliyeshika Usukani wa Holden ya Kwanza

Nianze kwa kusema wazi kwamba gari lile la kwenye picha halikuwa Chevrolet. Lilikuwa Vauxhall. Binamu yangu Rex Hotham alisema Chevrolet, akaisema kwa ile sauti yake ya kusoma taarifa ya habari, nami nikaweka kikombe mezani nikamwambia, "Rex, kama hiyo ni Chevrolet basi mimi ni malkia wa Tonga."

"Shikamoo, Malkia," akasema Rex bila hata kuinua macho.

"Tazama boneti. Mifereji miwili, mmoja huku, mmoja huku, imeanzia kwenye pua ikarudi mpaka karibu na kioo. Gari gani jingine lilikuwa na mifereji hiyo? Hata kipofu angepapasa akaijua."

"Hiyo ni mikwaruzo ya filamu, Joss."

"Mikwaruzo iko kwenye miwani yako."

Ndivyo zinavyokwenda Jumanne zetu hapa Burrumbee. Sisi wa chama cha historia ya mji tunakutana chumba cha nyuma cha maktaba, tunafunga mapazia, Rex anawasha mashine yake ya kusomea filamu, picha inatokea ukutani, halafu tunagombana. Mpiga picha wa mji, mzee Ferris, alipokufa alituachia makopo ya biskuti yaliyojaa filamu za miaka na miaka, na hakuandika tarehe hata kwenye moja. Kwa picha alikuwa fundi, kwa kalamu alikuwa mvivu wa kutupwa, Mungu amrehemu. Kwa hiyo tarehe tunazitafuta wenyewe, na njia ni moja tu: magari. Majengo ya mtaa wetu hayabadiliki, na kofia za wanaume zilikuwa zile zile miaka nenda miaka rudi, lakini gari lina mwaka wake wa kuzaliwa. Ukiliona barabarani, ujue picha haikupigwa kabla gari hilo halijatoka kiwandani. Jipya kuliko yote ndilo linalotoa hukumu.

Anayetaja gari sawasawa kabla ya wenzake hupewa keki ya mwisho sahanini, ile ya chokoleti iliyogaragazwa kwenye nazi. Mimi nimenenepa kwa ujuzi wangu, sikatai. Mpinzani wangu mkubwa ni mwenyekiti wetu, Glenys Tanner, ambaye ni wa Ford. Hapa kwetu mtu huzaliwa wa Holden, gari lililoundwa nchini mwetu, au wa Ford kama anavyozaliwa na masikio yake, na kuna ndoa zilizovunjika kwa jambo hilo. Glenys akiona Holden kwenye picha husema tu, "Na kuna gari jingine pale." Kwa mambo mengine yote ni mwanamke mwema.

Basi siku hiyo ugomvi wa Vauxhall ukaisha, Glenys akanipa ushindi, nikala keki yangu taratibu mbele ya Rex ili aone vizuri. Rex akasema anayo nyingine, aliyoipitisha kwenye mashine asubuhi ile ile. Akabonyeza. Ikatokea ukutani. Nikasimama ghafla, na nadhani nilimkanyaga mtu.

Ilikuwa Mtaa Mkuu, mchana, jua la kupasua kichwa. Nyuma kuna mstari wa magari yaliyopakiwa chini ya vibaraza vya mabati. Mabango ya maduka yamekatwa juu, na namba za magari hazisomeki kwa vumbi la mavuno. Mbele, katikati ya barabara, linatujia gari lenye mashavu ya mviringo na meno ya chuma yanayong'aa, limefungwa utepe mkubwa kwenye boneti mithili ya zawadi ya harusi. Holden, ile ya mwanzo kabisa, kabla hawajaibadilisha sura. Na ndani wamo watu wawili.

Kelele zilizopigwa chumbani zilimfanya msimamizi wa maktaba afungue mlango kuuliza kama kuna aliyeanguka.

Lazima niwaeleze kwa nini. Jumamosi ya wiki hiyo mji mzima ulikuwa unasherehekea miaka sabini na mitano tangu Holden ya kwanza iingie Burrumbee. Kulikuwa na gwaride, bendi, zimamoto wakichoma soseji, na kamati ilikwishatangaza kwamba atakayetangulia mbele ya wote ni yule aliyeiendesha Holden ile, au kama hayupo duniani, mtoto wake. Na kila mtu alijua ni nani. Clarrie Hotham, baba yake Rex, alikuwa muuzaji wa magari kwenye gereji ya mjini. Holden ilikuja kwa treni, Clarrie akatumwa stesheni kuichukua, na mji mzima ukasubiri mbele ya ukumbi. Wote waliosubiri walimwona kwa macho yao akishuka upande wa usukani na kuvua kofia. Rex ana Holden kama ile ile, ameikarabati mwenyewe mpaka ukiiangalia unaweza kuchana nywele kama kwenye kioo. Tena alikwishanunua kofia mpya kwa ajili ya gwaride.

Tatizo lilikuwa moja tu, na tatizo hilo lilikuwa limekaa kwenye kiti karibu na sahani ya skonzi, lina miaka tisini na minne na kibegi cha mkononi.

Shangazi Verna ni dada wa marehemu baba yangu. Mama yake Rex, marehemu Ilma, alikuwa dada yao mkubwa, kwa hiyo mimi namwita Shangazi na Rex anamwita Mama mdogo, na wote wawili anatukaripia sawasawa. Maisha yake yote Shangazi amesema jambo moja: "Aliyeendesha ile Holden kutoka stesheni ni mimi." Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na alijua kuendesha tangu utotoni kwenye lori la ngano la babu. Lakini ukimuuliza, basi ilikuwaje Clarrie akaonekana anashuka upande wa usukani, anafunga mdomo. "Hilo niliahidi kutolisema." Sasa hadithi gani hiyo? Watu walicheka tangu enzi hizo. Watoto wa shule walimpa jina, Verna Usukani. Mimi nampenda kuliko mtu yeyote aliye hai, na bado nilikuwa namwamini Jumatatu, nikifika Jumanne nina wasiwasi.

"Gwaride lenu silitaki," aliniambia wiki iliyotangulia nikimkata kucha. "Nina gwaride gani mimi na magoti haya? Nataka siku moja, kabla sijaenda zangu, mtu aniangalie usoni aseme, kweli Verna, ulikuwa wewe. Basi. Nimechoka kuwa mwongo wa mji."

Kwa hiyo picha ile ilipotokea ukutani, wote tukageuka kumtazama. Alikuwa ameshika skonzi hewani, siagi inamchuruzika kidoleni.

"Ni siku yenyewe?" akauliza.

"Inaweza kuwa siku yoyote," akasema Glenys. "Walizitoa hivyo hivyo kwa miaka kadhaa. Na utepe? Labda ni harusi ya watu."

Mimi nikaambiwa labda? Nikachukua rula, nikaenda ukutani.

"Glenys, mpenzi wangu, nifuate polepole, najua kwenu Ford huwa mnachelewa kuwaka. Hii ya nyuma kabisa, yenye paji refu, Chevrolet ya kabla ya vita. Rex, hiyo ndiyo Chevrolet, iangalie uijue. Hii Ford Prefect."

"Gari zuri sana," akasema Glenys.

"Gari zuri kwa mtu asiye na haraka. Hii Morris ya kasisi wa enzi zile, hii pikapu ya Ford, na hii ndogo ya duara ni Austin A40, ndiyo mpya kuliko zote, ilitoka vita vimekwisha. Hakuna nyingine mpya zaidi katika mstari mzima. Na angalieni kitu kisichokuwepo. Hakuna Holden ya pili. Mwaka mmoja baadaye mtaa huu ulikuwa umejaa Holden kama inzi kwenye kidonda, usingeweza kupiga picha ukazikwepa. Na hii ya mbele haina namba. Na huyu ndani ana masharubu ya mjomba Clarrie, na huyu amefunga kitambaa cha madoadoa ambacho Shangazi bado anacho kabatini. Ni siku yenyewe. Naapa kwa keki zote nilizokula humu."

Wakapiga makofi. Nikainama kama mwigizaji. Nilikuwa na raha, jamani, raha ya kichwa kuwa chepesi, na rula mkononi nikajiona profesa. Nilipoinua kichwa makofi yalikuwa yamekufa na watu wote wanaangalia ukuta, hawaniangalii mimi.

Kwetu usukani uko kulia. Gari likikujia, dereva anakuwa upande wa mkono wako wa kushoto. Na pale ukutani, kwenye mkono wetu wa kushoto, nyuma ya mng'ao wa jua uliouficha usukani, amekaa Clarrie na masharubu yake. Shangazi yuko upande wa pili, upande wa abiria, anacheka.

Ndipo nilipoona nilichofanya. Nimethibitisha kwa rula kwamba ni siku yenyewe, na siku yenyewe dereva ni Clarrie.

Rex hakufurahia, hilo namsifu. Alizima mashine akaja akachuchumaa mbele ya kiti cha Shangazi. "Mama mdogo," akamwambia kwa upole, "ni zamani sana. Mtu anaweza kuchanganya. Tuliache, eh? Jumamosi utakaa kwenye gari langu, kiti cha nyuma, na blanketi."

"Nilikuwa naendesha mimi," akasema Shangazi.

"Mama mdogo, picha hiyo."

"Nimeiona picha." Akaweka skonzi sahanini, akafuta kidole kwa leso, akatafuta fimbo yake. Hakulia. Afadhali angelia. "Joss, nipeleke nyumbani. Na ile picha niprintie, nikaiangalie vizuri hao wawili ni akina nani."

Nikamprintia. Nilikuwa na hasira na nafsi yangu, na Rex, na Clarrie aliyekufa siku nyingi, na Austin A40. Tulipofika Mtaa Mkuu Shangazi akasema mkate umekwisha nyumbani, basi nikatafuta nafasi mbele ya duka la mikate.

Sasa, sisi huku tuna kupaki kwetu. Hatuingizi pua. Unaipita nafasi, unapiga rivasi, unaingiza mkia kwenye ukingo wa barabara kwa mshazari, pua inabaki nje, tayari kuondoka. Babu zetu walipaki hivyo, sisi tunapaki hivyo, na mgeni akija akaingiza pua tunamtazama mpaka anaona aibu anageuza. Nikaingiza mkia, nikamwacha Shangazi na picha yake mapajani, nikavuka barabara kwanza kwenda kwa muuza nyama, kisha nikarudi kuelekea duka la mikate.

Nilikuwa katikati ya barabara. Mbele yangu mstari wa magari, yote yametoa pua, na pua zote zimeinama kidogo upande mmoja, mkono wangu wa kulia. Jambo ninaloliona kila siku ya Mungu. Lakini kichwa kilikuwa bado kimejaa ile picha, na miguu ikanigoma pale pale. Lori la maziwa likanipigia honi. Nikalipungia mkono lipite, sikusogea.

Kwenye picha pua zilikuwa zimeinama kushoto.

Nikakimbilia dirishani kwa Shangazi, nikamnyang'anya picha. Kweli. Chevrolet, Prefect, Morris, pikapu, Austin, zote zimeinamia kushoto. Na hilo haliwezekani. Ili upaki hivyo, lazima uje ukiwa upande wa barabara usio wako, upishane na watu uso kwa uso, halafu upige rivasi. Mmoja angefanya hivyo, ningesema kalewa. Mstari mzima? Mji mzima ulewe mchana kweupe, mpaka kasisi mwenye Morris?

Picha ilikuwa imegeuzwa. Kushoto kumekuwa kulia, kama kwenye kioo. Na sisi mabingwa wa magari, wenye rula zetu na keki zetu, hatukuona, kwa sababu sisi tunatazama nyuso tu. Meno, taa, boneti. Na uso wa gari, ugeuze utakavyo, ni ule ule. Mama yeyote anayepaki hapa kila siku angeuliza mbona wamepaki kinyume. Sisi tuliuliza hii ni ya mwaka gani.

"Shangazi," nikamwambia, na nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, siwezi kueleza. "Ulikuwa unaendesha wewe."

"Ndiyo," akasema. "Mkate uko wapi?"

Sikununua mkate. Nilirudi maktaba kwa mwendo ambao sitautaja kwa sababu askari wetu anajua kusoma. Niliingia chumba cha nyuma wakiwa wanaosha vikombe, na Shangazi nyuma yangu na fimbo yake anaamuru nisimwache.

"Nani alipaki?" nikauliza.

"Nani alipaki nini?" akasema Glenys.

"Wewe, Glenys, umepaki hapa nje. Pua yako imeangalia wapi?"

"Kuelekea posta. Kila mtu anaangalia posta. Joss, kaa chini, umekuwa mwekundu."

Nikamwekea picha mbele ya macho. "Na hawa wameangalia wapi?"

Glenys ni wa Ford, lakini si mjinga. Aliangalia, akainua mkono wa kulia hewani kama anayeshika usukani, akazungusha, akapiga rivasi ya mawazo pale pale katikati ya chumba, na mdomo ukabaki wazi. "Kasisi hawezi kupaki hivi," akasema taratibu.

"Hata kidogo."

"Rex," akasema Glenys. "Rex, njoo hapa. Umeiwekaje hii filamu?"

Rex alikuja anakausha mikono. Aliichukua filamu kwenye kopo, akaishika dirishani kwenye mwanga, akajaribu kusoma zile herufi ndogo za kiwandani zilizo pembeni. Akaigeuza. Sasa zikasomeka sawasawa. Shingo yake ikaanza kubadilika rangi kuanzia chini.

"Niliilaza chali," akasema.

"Umemgeuza baba yako," nikamwambia. "Rex Hotham, umemchukua baba yako kiti cha abiria ukamweka kwenye usukani kwa mashine."

"Joss, inatosha," akasema Shangazi.

Rex alikwenda mwenyewe kwenye mashine, akaiweka filamu kifudifudi kama inavyotakiwa, akabonyeza. Picha ikatokea ukutani. Mji ukawa umepaki vizuri, pua zote zinaangalia posta. Koti la Clarrie likawa limefungwa vifungo upande wa kiume. Na kwenye mkono wetu wa kushoto, upande wa usukani, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye kitambaa cha madoadoa anatucheka sisi sote.

Rex alisimama mbele ya picha. Halafu akageuka, akamtazama Shangazi usoni, na akasema kile ambacho Shangazi alikuwa anakitaka. "Kweli, Mama mdogo. Ulikuwa wewe."

Shangazi alikaa chini. Alitikisa kichwa, akafungua kibegi, akakifunga, akakifungua tena. "Ahsante, mwanangu," akasema. Kisha akatuangalia mmoja mmoja, macho yanang'aa kama ya mtoto aliyeruhusiwa. "Na hilo gari lako, Rex, gia yake bado iko shingoni mwa usukani?"

Rex akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

"Mama mdogo, huna leseni."

"Siku ile nayo sikuwa nayo."

Siku zilizobaki mpaka Jumamosi sikupata usingizi kwa kucheka. Rex alimpeleka shambani kwake kila asubuhi kumfanyisha mazoezi, akarudi amepauka, akasema Mama mdogo anakanyaga klachi vizuri kuliko yeye. Askari wetu, binti wa watu mwenye akili, alisema kama barabara imefungwa kwa gwaride basi si barabara tena, ni uwanja wa sherehe, na uwanjani hakuna anayeombwa leseni, mradi mtu mwenye leseni akae karibu na breki ya mkono na gari liende mwendo wa mtu anayetembea. Daktari wa Shangazi alisema hataki kuulizwa. Glenys akampa mto wa kukalia ili aone juu ya usukani, mto wa bluu wenye nembo ya Ford, na Shangazi akaukalia kwa furaha kubwa.

Jumamosi mji ulijaa mpaka watoto wakapanda juu ya vibaraza. Kiti cha mbele cha Holden ile ni kimoja kirefu, tunaenea watatu: Shangazi kwenye usukani, Rex katikati na kofia yake mpya, mimi mlangoni. Nyuma yetu bendi, nyuma ya bendi zimamoto, kisha matrekta, kisha magari ya zamani yote ya wilaya, na Glenys akiyaongoza kwa Ford yake, maana hakukubali kuwa wa pili ila kwa Shangazi. Tulianzia stesheni. Mwisho ni mbele ya ukumbi, ambapo mwenyekiti wa halmashauri alikuwa amesimama na mkasi na utepe.

Shangazi aliwasha, akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi, na gari likaondoka laini kama siagi. Watu wakaanza kuita jina lake. Si Verna Usukani. Verna tu. Aliendesha na kidevu juu, hapungi mkono, macho mbele. Mimi nililia kuanzia duka la mikate mpaka benki, tena kwa sauti, na sioni haya.

Tulipofika kona ya duka la dawa, hatua chache kabla ya ukumbi, nikaona amekaza vidole.

"Ni hapa," akasema.

"Ni hapa nini, Mama mdogo?" akauliza Rex.

"Ilma hayupo, Clarrie hayupo. Nadhani na ahadi yangu ikapumzike nao." Hakugeuza macho kutoka barabarani. "Baba yako hakuwa anajua kuendesha, Rex. Hata kidogo. Aliwadanganya gereji ili apate kazi, wakamtuma stesheni, akaja kwangu mbio. Nikamwendeshea. Tukafika kona hii, akausikia ule umati, akaniambia simama. Akalia, mwanangu. Akasema bosi wake akiona, kazi hana, na harusi na Ilma ni mwezi ujao. Basi nikasimama. Nikashuka, nikazunguka, tukabadilishana. Kutoka hapa mpaka pale ukumbini alikanyaga klachi tu, gari likajiviringisha lenyewe, ni mteremko. Ilma aliniomba nisiseme tulisimama. Na sikusema."

Bendi nyuma yetu ilikuwa inapiga kwa nguvu zote.

"Nani alimfundisha kuendesha?" akauliza Rex.

"Mimi. Kwenye shamba la babu yako. Alimgonga ng'ombe."

Rex akaanza kucheka. Alicheka kwanza puani, halafu kofia ikamdondoka, halafu akawa anajifuta macho kwa mkono wa shati, na Shangazi naye anacheka, na gari linakwenda. Mbele yetu mwenyekiti wa halmashauri aliinua mkasi na kutuonyesha kwa mkono mahali pa kusimama. Shangazi alimwangalia. Mguu wake ukaanza kuinuka kutoka kwenye mafuta.

"Mama mdogo," akasema Rex, "leo usisimame."

Basi hakusimama. Tulipita katikati ya utepe, ukakatwa na boneti, mwenyekiti akaruka kando na mkasi wake. Nikageuka nyuma nikaona bendi inasitasita, kisha inaanza kukimbia na ngoma zake, zimamoto wanapiga king'ora, matrekta yanafuata, na Glenys ametoa mkono dirishani anapiga honi ya Ford kama mwehu. Mji mzima ukatoka nyuma yetu kuelekea kwenye maghala ya ngano. Binti askari kando ya barabara aligeuka, akakitazama sana kibanda cha soseji. Shangazi akaisikiliza injini kidogo, akakanyaga klachi, akaingiza gia ya tatu, ile ya mwisho.